Fundi Rangi wa Likasi na Mkwaruzo wa Pete ya Mama Yake

LIKASI. Vumbi la mtaa wa Kikula huamka pamoja na malori. Kwa hiyo Evariste Kabamba huamka kabla ya malori.

Kumekucha kidogo tu, na fundi huyu wa rangi za magari anamwagia maji uwanja wake kwa kopo lililotobolewa matundu chini. Anamwaga taratibu, akirudi kinyumenyume, mpaka udongo mwekundu unashikana. Hapo ndipo anafunua turubai.

Chini ya turubai kuna Peugeot 404 ya mwaka 1971, rangi ya chai ya maziwa. Taa zake ni nzima, viti havijachanika, na vioo vinafunguka. Katika mji huu wa shaba na mashimo, gari la umri huo ni ajabu, maana mengi ya rika lake yalishauzwa kama vyuma chakavu.

Gari lote lina ila moja tu. Kwenye mlango wa mbele wa kulia, ambao huku ni upande wa abiria, kuanzia kwenye kitasa na kurudi nyuma, kuna mkwaruzo usiozidi urefu wa kalamu. Ukisimama mbali kidogo huuoni.

Evariste anachuchumaa, anapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, na ukucha unakwama. Anachovya kidole kwenye maji, anapaka, anasubiri. Mkwaruzo bado uko palepale.

“Kama maji inaificha, basi iko juu-juu, unapiga polish na inaisha,” anasema. “Hii maji haiifiche. Ilikata langi yote, ilifika chini.”

Kwa fundi wa kiwango chake hii ni kazi ya siku moja. Lakini leo ni Alhamisi, gari limelala hapa tangu Jumatatu, na Evariste hajaligusa hata kwa kitambaa. Sababu ni kwamba anajua mkwaruzo huu ulikotoka. Ulichorwa na pete ya ndoa ya mama yake mzazi, siku gari hili lilipoondolewa mikononi mwake.

Evariste ana miaka arobaini na sita, mke mmoja na watoto wanne. Alifundishwa kazi na mzee mmoja aliyekuwa akipaka rangi magari ya wakubwa wa kampuni ya madini, enzi ambazo wakubwa walibadilisha rangi za magari kama wake zao walivyobadilisha vitenge. Mzee alikufa, wakubwa wakaondoka, na mwanafunzi akabaki na kompresa moja ya mtumba na jicho la kuchanganya rangi.

Jicho hilo ndilo linalomlisha. Mwezi mzuri humletea magari sita. Mwezi mbaya humletea moja, na mara nyingi ni la mchungaji anayelipa nusu kwa fedha na nusu kwa maombi. Mkwaruzo mdogo ni dola kumi na tano, na hajazaliwa mteja wa kuzitoa bila kulia njaa kwanza.

Kifua chake kimechoka. Hana barakoa ya kazi, hufunga kitambaa puani, kisha jioni hunywa maziwa kama wafanyavyo mafundi wenzake, wakiamini kwamba maziwa hushusha rangi iliyoingia mapafuni. Nilipomwambia kwamba madaktari hawakubaliani na imani hiyo, alicheka mpaka akakohoa.

“Daktari alete ile dawa ingine,” alisema, kwa Kiswahili cha huku, ambamo minye ni mimi na njo ni ndiyo. “Maziwa njo minye niko nayo.”

Ana desturi moja inayomtofautisha na wapakaji wengine wa Kikula. Kabla hajakubali gari, humuuliza mwenye gari: nani aliikwaruza, na alikuwa anatokea wapi? Wateja hudhani ni umbea. Si umbea. Mkwaruzo una upande ulioanzia na upande ulioishia, na ukiupiga msasa bila kujua uelekeo wake unabandua rangi nzima iliyo pembeni.

Jumatatu hiyo hakuuliza.

Aliyelileta gari ni Pitshou, binamu yake, mfanyabiashara wa mifuko ya kubebea madini. Ni mtoto wa marehemu Blaise, mdogo wa baba yake Evariste. Wanaume hawa wawili wanakaa mji mmoja, lakini kwa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakikutana misibani tu na kusalimiana kwa ncha za vidole.

“Yaya, bonjour,” Pitshou alisema bila kushuka vizuri garini. “Ni hii kagriffe tu.” Griffe ndilo jina la mkwaruzo huku Katanga, yaya ni kaka mkubwa, na samedi ni Jumamosi. “Kuko muntu ya Lubumbashi anakuya samedi kubeba motoka. Aliona griffe mu photo, anasema motoka ya vile haiwezi kuwa na kidonda.”

“Na baba yako, miaka yote ile, hakuionaka?” Evariste alimuuliza.

“Aliionaka. Alikatalaka bantu baguse pale. Hata kupangusa ule mulango, alikuwa anapangusa yeye mwenyewe.”

“Alisemaka juu ya nini?”

“Hapana. Papa hakusemaka mingi.”

Pitshou alishuka, akampa funguo, akaondoka kwa pikipiki. Evariste anasema alisimama palepale na funguo mkononi mpaka mke wake akaja kumuuliza kama anaumwa.

Ili msomaji aelewe, turudi mwaka 1990. Mzee Kabamba, baba yake Evariste, alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha shaba. Alikuwa na nyumba ya kampuni, redio kubwa, na hili 404 alilolinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Jumapili aliwapeleka mkewe Georgette na watoto kanisani umbali ambao wengine walitembea kwa miguu, kwa fahari tu. Homa ilimkuta Jumatano, na kabla ya Jumapili nyingine alikuwa amezikwa.

Msiba huku huitwa kilio. Wanaume hulala nje kuzunguka moto, wanawake hulala chini ndani na mjane, na kilio kinapoondolewa, familia ya mume hukaa kikao. Sheria ya nchi inasema lake, lakini sheria hailali msibani. Katika koo nyingi za huku bado inaaminika kwamba alichoacha mwanamume ni cha ndugu zake, na mjane ni mgeni aliyechelewa kuaga.

“Baba mudogo Blaise njo alituletea habari,” Evariste anakumbuka. “Muntu ya muzuri. Alikuwa anatubebaka ku mabega, minye na mudogo yangu Étienne, kwa zamu. Akasema: batoto, famille imesema.”

Familia ilikuwa imesema vitanda, redio, mashine ya kushonea, masufuria na gari. Mke kijana wa Blaise, aitwaye Mado, alikuwa anatoka na masufuria kichwani na mtoto mchanga mgongoni. Mama Georgette aliyaacha yote yapite. Lakini Blaise alipoingia kwenye 404, mama alilifuata, akashika mlango kwa mkono wa kushoto pale kwenye kitasa, akamwambia kupitia dirisha la abiria: “Blaise, weye unaniyua.” Kwa gari lile, alifikiri, angeweza angalau kuwasomesha watoto.

Evariste anapofika hapa huonyesha kwa mkono mwendo wa gari.

“Hakukimbiza motoka,” anasema. “Iyue hiyo. Aliendesha pole-pole, hivi, kama muntu anaogopa kuumiza mwenzake. Mais lakini hakusimama. Mama alitembea nayo kidogo, kisha mukono ikateleza. Minye nilisikia ile sauti ya pete. Hata leo mu kazi, muntu akinikwaruzia bati karibu, minatoka inje.”

Mama Georgette na wanawe wawili walikwenda Mulungwishi, nje ya mji, kwa dada yake, wakalala chumba kimoja pembeni ya jiko. Evariste alisoma shule ya misheni mpaka karo iliposhindikana. Pete iliuzwa mwaka Étienne alipougua, na haikurudi. Kwa hiyo ndoa ya Mzee Kabamba na Mama Georgette leo hii haina picha, haina nyumba, haina pete. Ina mkwaruzo kwenye mlango wa gari la mtu mwingine.

Blaise alikufa mwaka jana, na kikao chake kimecheleweshwa mpaka sasa. Na hapa ndipo hadithi inapogeuka ikawa chungu zaidi, maana ukoo hauna upendeleo: ulimla mkubwa, sasa unataka kumla mdogo.

Jumanne simu ya Evariste ililia akiwa na mikono ya rangi. Aliiweka sauti ya juu na kuiegemeza kwenye debe, na mkewe Aimée, aliyekuwa anapanga makaa yake ya kuuza, akasikia yote. Aliyepiga ni Mzee Georges, ndugu pekee wa baba yake aliye hai, mkuu wa familia. Mwaka 1990 mzee huyu alikuwa ameketi kiti cha nyuma cha gari hilihili.

“Evariste, nimesikia motoka iko kwako. Isitoke pale.”

“Pitshou alileta nifute griffe, papa. Samedi banaibeba.”

“Pitshou ni mwizi. Anataka kuuzisha mbele famille haiyaikala. Dimanche tunaikala kikao. Nyumba ya Blaise, bintu yote, inarudia kwetu. Ile bibi Mado aende kwabo. Na motoka ile ni ya baba yako, utaibeba weye. Haki yako, mwanangu.”

Simu ikakatika. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni, Mzee Georges alikuwa amemwita mwanangu.

Hapo ndipo Evariste alielewa haraka ya binamu yake. Pitshou hakuwa anauza gari kwa tamaa. Alikuwa anataka mama yake aondoke na kitu mkononi kabla ya kikao cha Jumapili. Na Evariste, ili arudishiwe gari la baba yake, hakutakiwa kupigana wala kutukana mtu. Alitakiwa aache turubai lilivyo mpaka Jumapili, basi.

Siamini kama kuna mtu angemlaumu. Mimi nisingemlaumu.

Jioni hiyo alikwenda mtaa wa Panda, kwa mama yake. Mama Georgette sasa ana miaka sabini na mitatu, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, na hakuacha kuchambua mwanawe alipokuwa anamweleza. Alipomaliza, mama alisema neno moja.

“Beba.”

“Mama, na Mado?”

Mama akaweka majani chini. Nilipokwenda mwenyewe kuongea naye siku iliyofuata, alinirudia jibu alilompa mwanawe, na hasira ilikuwa bado mbichi.

“Mado alikuwa na masufuria yangu ku kichwa na mutoto mu mugongo. Ule mutoto njo Pitshou. Minye nilienda Mulungwishi na batoto babili, mu kachumba kamoja, na moshi. Nani aliulizaka: na Georgette? Hata muntu moja! Leo munaniuliza: na Mado?”

Nilimuuliza kama kanisa halimfundishi kusamehe.

“Ninaungamaka kila mwezi,” alijibu. “Padri anayua. Zambi yote ninaacha, ile moja siiache.”

Kuhusu kufuta mkwaruzo alikuwa na neno gumu zaidi, na aliliambia ukuta, si mimi. “Ile njo fasi moja jina yangu ilibakia mu ile famille. Na mutoto yangu njo anataka kupangusa.”

Evariste alirudi Kikula akiwa ameamua kumtii mama. Turubai lisingefunuliwa. Jumatano mchana akiwa anakula, alimwambia Aimée hivyo.

Aimée si mwanamke wa maneno mengi. Wamekaa pamoja miaka ishirini na miwili. Mahari ililipwa, wazazi walikula mbuzi, padri akabariki. Walichokosa ni kwenda kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa, kuandikisha ndoa ili sheria imtambue mke. Kila mwaka walisema mwaka ujao, kama wanavyosema wengi, kwa sababu aliyelipa mahari na kubarikiwa haoni anachokosa mpaka siku ya msiba.

“Beba tu, iko ya baba yako,” Aimée alimwambia. “Mais uniambie kintu moja. Siku weye utakufwa, Étienne akuye hapa na bale bantu, minye nitasema nini? Nitasema munanionea? Batasema: ya Mado mulibeba, na weye ulipanda mule ndani, ulikuwa unacheka.”

Evariste anasema alirudisha tonge la bukari, ugali wa huku. Alisukuma sahani.

Ndiyo maana leo Alhamisi, kabla ya malori, turubai limefunuliwa.

Anaosha mlango kwa sabuni na maji, mara mbili, kisha anaukausha kwa shati kuukuu. Anabandika karatasi ya gundi juu na chini ya mkwaruzo, akiacha uwazi mwembamba. Kisha anafungua mlango na kuinua ukingo wa mpira. Pale chini, jua halijawahi kufika, kuna rangi kamili ya mwaka 1971, nzito, karibu na kahawia.

“Kijana anachukua ile, anachanganya vile, anapaka. Inatoka doa,” ananieleza. “Ile ni langi ya zamani. Hapa inje jua ilikula. Unatafuta ile jua iliachia.”

Anaitafuta kwa saa nzima. Anadondosha rangi kwenye kipande cha bati, anaongeza njano kwa ncha ya msumari, anapeleka bati juani kwa sababu rangi ikikauka hubadilika, anarudi, analiweka bati ubavuni mwa mlango, anatikisa kichwa. Anaongeza nyeusi, kidogo sana. Kwa mara ya tano bati na mlango vinakubaliana.

Hatumii kompresa. Kwa mkwaruzo huu angechafua mlango mzima bure, na umeme hauna habari naye asubuhi hii. Bwawa la umeme la Mwadingusha haliko mbali, lakini umeme wa Kikula huja na kuondoka bila kuaga. Anachonga kijiti cha kibiriti, anakichovya, na kuanza kuujaza mkwaruzo tone kwa tone. Anaanza pale kwenye kitasa, mahali pete ilipoanzia, akifuata njia ileile uliyopita mkono. Kila tone linasubiri kukauka kabla ya jingine kulala juu yake.

Namwuliza kama anajisikia anaufuta mkono wa mama yake.

“Usiniulize ile wakati minashika kibiriti,” anasema.

Lori la kwanza linapita barabarani, anaukinga mlango kwa mgongo wake mpaka vumbi litulie, kisha anaendelea.

Jua likiwa utosini, mkwaruzo umejaa na umevimba kidogo kama kovu. Sasa anachukua msasa laini sana, anaulowesha kwa maji ya sabuni, anauzungushia kipande cha mpira wa kandambili, na kusugua kwa mstari mmoja, bila kuzungusha. Anasikiliza zaidi kuliko anavyotazama. Mwisho anapaka polishi na kufuta kwa kitambaa cheupe. Magari ya siku hizi yana tabaka la kioo juu ya rangi, kitambaa hutoka safi. Hili halina. Kitambaa kinatoka na rangi ya chai ya maziwa, na Evariste anakitazama, anakikunja, anakitia mfukoni.

Mkwaruzo haupo. Nilipitisha kidole mara tatu na sikuupata.

“Sikuifanya juu ya mapendo,” anasema, akiosha mikono kwa petroli. “Mado, simupende. Andika vile. Minye nimechoka tu na hii maisha ya kungojea muntu akufwe, mupate kubeba bintu yake.”

Nimeandika. Na msomaji asimvishe taji la utakatifu, mwenyewe kalikataa.

Ijumaa Pitshou alikuja na mama yake. Mado ni mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, amevaa nyeusi ya ujane, na aliingia uwanjani bila kusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kulia na kuinama. Alipapasa chini ya kitasa, kwa kiganja kwanza, kisha kwa ncha za vidole, akirudi nyuma mpaka ukingo wa mlango.

“Haiko tena,” alisema.

“Haiko,” Evariste alijibu.

“Bwana yangu alikuwa anasemaka ile griffe ni ya dada Georgette. Akilewa kidogo, anaenda garage, anaikala pale karibu yake.”

“Alisemaka vile?”

“Eh.”

“Na njia ya Panda, hakuyuaka?”

Mado alifungua mlango, akakaa kiti cha mbele, akatazama mbele mpaka mwanawe alipowasha gari.

Nami niseme langu. Blaise aliutunza mkwaruzo ule miaka thelathini, akaupangusa kwa mkono wake, pengine akaulilia. Kutoka kwake mpaka Panda ni mwendo wa dakika chache kwa 404. Mtu anayetunza jeraha la mwenzake bila kwenda kumwomba radhi anajitunza mwenyewe tu, na Mama Georgette hakupata faida yoyote kwa machozi yale.

Niliporudi Likasi wiki tatu baadaye, kila kitu kilikuwa kimekwisha vibaya, kama kawaida yetu. Gari lilikwenda Lubumbashi Jumamosi ileile. Jumapili familia ilikaa, ikakuta gari halipo, na kwa hasira ikaichukua nyumba haraka kuliko ilivyopangwa. Mado sasa analala kwa Pitshou, kwenye chumba chenye mifuko ya madini mpaka darini. Fedha ya gari ilikodisha kibanda sokoni, na hapo anauza mchele. Hajawahi kupita kwa Evariste kusema asante, na Evariste anasema hakuingojea.

Mzee Georges alimpigia simu ya mwisho. Alimwambia kwamba kuanzia leo familia haimjui, na siku akifa hakuna atakayefika kwenye kilio chake.

“Nilimujibu: papa, njo ile minaomba kila siku,” Evariste anasema, na hapo tu ndipo nilipomwona akicheka kwa raha.

Lakini Panda hakuna kicheko. Mama Georgette hajamkataza mwanawe kuingia, hajamfukuza. Anampokea, anamwekea kigoda, anaongea na wajukuu. Akitaka kumwambia jambo humtuma mmoja wao: mwambie baba yako chakula kiko mezani. Evariste hula. Humaliza, hushukuru, na shukrani yake haijibiwi. Nilimuuliza mama kama kimya hiki kina mwisho. Akaniambia nimsalimie mke wangu, akaingia ndani.

“Mama iko na haki,” Evariste anasema. “Aimée naye iko na haki. Haki mbili, na minye niko moja. Nilichagua ile ya muntu ambaye habayamutoa mu nyumba bado.”

Ameanza mpango. Yeye na Aimée watakwenda komini kuandikisha ndoa yao, kabla mvua hazijaanza. Wanahitaji mashahidi, na wa upande wa mume, kwa desturi, ni ndugu yake. Kwa hiyo Jumapili iliyopita alimwita Étienne, mdogo wake, yule aliyelala naye kando ya jiko la Mulungwishi. Étienne ni mchimbaji, hutoka na kuingia kwenye mashimo ya njia ya Shinkolobwe bila ruhusa ya mtu, na ni mcheshi kuliko wote nyumbani. Alimsikiliza kaka yake, akapiga magoti yake kwa viganja.

“Yaya, kumbe unatuogopa? Tuko bantu ya mubaya? Nitasaini, hakuna problème.” Kisha akanyoosha kidole kwenye ile mashine ya mtumba iliyo chini ya paa. “Mais compresseur, ile unaniachia minye!”

Watoto walicheka. Étienne mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. Aimée alichukua sahani zilizokuwa bado na chakula, akaingia nazo ndani.

Evariste hakucheka wala hakukasirika. Anasema alimtazama mdogo wake anayempenda kuliko mtu yeyote, akamwona ni mtu mzuri, mzuri kabisa, kama Blaise, na ndipo alipoogopa. Kesho yake alifika komini kabla milango haijafunguliwa, akauliza kama sheria inamruhusu kuchukua mashahidi wote wawili upande wa mke. Anangoja jibu.

Nilimuuliza ni nini anachokitaka kweli baada ya haya yote, gari lingine, karakana kubwa, msamaha wa mama? Alikuwa akikunja turubai tupu.

“Minye sitake mali ya kuachia bantu,” alisema. “Ninataka tu siku nitakufwa, Aimée anililie minye, hapana kulilia fasi ya kulala.”